Grupu Sita za Mtu Mmoja

Ukimwona Nereah asubuhi akitoka mtaani kwake Kianda, simu iko karibu na mdomo, anaongea Kijaluo na hakuna anayemjibu, usimhurumie. Hajachanganyikiwa. Anaingia kazini. Watu wengine huingia kazini wakishafika. Nereah huanza kuingia akiwa bado pale stage ya Olympic, na akivuka Ngong Road huwa ameshafua nusu ya nyumba kichwani, shuka kwanza, taulo baadaye, jinzi za baba mwenye nyumba mwisho kabisa. Akifika Kawangware kinachobaki ni maji na sabuni.

Kazi yake ni kufua na kupanga nyumba za watu. Nairobi wanamwita mama fua, na kuna wanaolitaja jina hilo wakiwa wamekunja pua. Nereah hana muda na pua zao. Ana miaka arobaini na moja, ana binti mmoja, Hope, anayesoma bweni huko Homa Bay, na kwa miaka tisa aliketi kwenye ukuta mmoja karibu na stage ya matatu za 46 pamoja na akina mama wengine, wakingoja mtu mwenye nguo chafu aje aseme, "Wewe, twende." Ukuta ule una sheria zake. Aliyefika kwanza huketi mwisho wa upande wa barabara, na mteja akija anachukua wa kwanza, hata kama macho yake yamempenda wa tano. Ukiruka foleni utanuniwa mwezi mzima. Mvua ikija mnanyeshewa kwa foleni hiyo hiyo.

Polepole alipata nyumba zake. Ya kwanza, ya pili, mpaka zikawa sita, kila siku ya wiki na nyumba yake, Jumapili ya Mungu. Ungedhani hapo mambo yalinyooka. Wapi! Nyumba sita ni akili sita. Huyu anataka mashati yakunjwe, yule anataka yatundikwe. Huyu hataki uguse nguo zake za ndani, yule anakuachia zote na soksi juu. Siku moja Nereah alitia jiki, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, kwenye kanzu ya kwaya ya Mwalimu Wekulo, kanzu ya zambarau, kwa sababu jana yake alikuwa kwa Wanza, ambako kila kitu ni cheupe na kila kitu kinataka jiki. Kanzu ikatoka na mabaka mgongoni. Mwalimu hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Jumapili iliyofuata aliimba akiwa ameegemea ukuta wa kanisa, ibada nzima, asigeuke hata wakati wa sadaka.

Nereah aliketi kitandani siku hiyo akajiuliza: haya mambo yote nitayaweka wapi? Kichwa kimejaa. Daftari alishajaribu, lakini mikono yake iko majini siku nzima, na lile daftari lililowa siku ya tatu likawa uji. Tena kuandika kwake ni kwa taabu, shule aliiacha darasa la tano. Kilichokuwa mkononi ni simu aliyopewa na ndugu yake Osewe aliponunua nyingine, kioo kimepasuka pembeni, na mpaka siku hiyo Nereah aliitumia kwa tochi na nyimbo za injili. Aliitazama vizuri. Simu ina jicho na ina sikio, na vyote viwili alikuwa anavilaza bure.

Mwenzake wa ukutani, Rosebella, ambaye huhifadhi mahubiri ya pasta wake kwenye simu, ndiye aliyemwonyesha ujanja. Unafungua grupu ya WhatsApp, unaingiza mtu mmoja, halafu unamtoa. Unabaki peke yako, na kila unachotuma kinakungoja humo. Nereah akafungua grupu sita jioni moja, moja kwa kila nyumba, na mtu aliyemwingiza na kumtoa alikuwa Osewe. Haikupita nusu saa Osewe akapiga simu.

"Dada, kwani nimekukosea wapi? Umeniingiza mara sita, umenitoa mara sita. Kama ni ile redio yako, si nilisema nitairudisha?"

Basi ikawa hivi. Akiingia nyumba ya mtu, kabla hajagusa kitu, anapiga picha: kabati lilivyo, droo zilivyo, viatu vimepangwa namna gani, rimoti iko upande upi wa kochi. Akimaliza, anafungua picha na kurudisha kila kitu mahali pake, halafu anapiga nyingine ya mwisho. Na sauti anarekodi akitembea, kwa Kijaluo, maana mtu hufikiri kwa lugha aliyoongeleshwa akiwa mgongoni. "Kwa Wanza, vibanio viko nyuma ya mlango wa choo." "Kwa Wekulo, jiki usiiguse hata wakikusihi." Jumapili baada ya kanisa alisikiliza zote sita, na kusikiliza huko ndiko kulikomfungua macho. Alisikia sauti yake mwenyewe ikilalamika kuhusu maji, Jumanne hapa, Jumamosi pale, na akagundua kwamba alikuwa anaenda kwa watu siku ambazo mifereji yao ni mikavu. Akazungumza nao, akabadilisha siku. Kazi iliyokuwa inamfikisha jioni ikawa inaisha saa tisa. Hakuna aliyemfundisha hilo. Alilitoa kichwani mwake mwenyewe, isipokuwa sasa kichwa chenyewe kilikuwa na mahali pa kuweka mizigo.

Kitu kimoja tu hakukifanya, na hapa tuseme ukweli, alikosea. Hakumwomba mtu yeyote ruhusa. Haikumpitia akilini. Aliona ni kama kutazama kwa macho, na macho nani huyaombea ruhusa?

Sasa, Gatina, huko huko Kawangware, kuna mzee anaitwa Waithaka. Ploti ni yake tangu enzi za migomba na mahindi, na leo ina jengo la ghorofa tano. Nereah alimfulia kila Jumatano. Mwaka huu mzee aliigeuza ghorofa ya juu kuwa vyumba kumi na viwili vya wageni, wale wa kulala usiku mmoja au miwili, na akawa anatafuta mwanamke mmoja wa kusimamia usafi, shuka na kila kitu, kazi ya mwezi kwa mwezi. Alishaona jinsi nyumba yake inavyorudi ilivyokuwa, mpaka miwani. Jumatano moja akamwambia, "Mama Hope, uanze Jumatatu. Utafute na wengine wawili wa kukusaidia, wewe ndiye mkubwa wao."

Nereah alisema asante kwa sauti ya kawaida, akateremka ngazi kwa heshima zake, na alipofika barabarani akatembea hatua ishirini kwa mwendo ambao si wa mtu mzima. Ukuta wa 46 basi. Hakuna tena kuketi pale kila mteja anaposafiri au kununa. Rosebella angekuwa wa kwanza kuchukuliwa, hata hakuhitaji kufikiria. Siku zilizobaki zilikuwa nne.

Kesho yake, Alhamisi, ilikuwa zamu ya Wacera, binti wa huyo mzee, anayekaa ghorofa ya tatu ya jengo hilo hilo. Wacera ana miaka thelathini na tatu, anafanya kazi za kompyuta nyumbani, na mume wake yuko Mombasa kikazi. Si mtu mbaya. Ana maneno machache tu. Nereah alipiga picha zake kama kawaida, akaitia simu chaji sebuleni ikiwa bado imewaka, akabeba nguo kwenda kuzianika juu ya paa.

Wacera akaja kuchomoa chaja atie simu yake. Akaona kabati lake limefunguliwa, kwenye kioo cha mtu mwingine. Akapandisha kidole. Droo yake. Kitanda chake. Meza yake na kompyuta juu. Jina la grupu: Wacera Gatina. Na kule mwanzo kabisa: umemwongeza Osewe, umemwondoa Osewe. Hebu sema, wewe ungewaza nini. Kwa wiki mbili Gatina nzima ilikuwa na wasiwasi, nyumba mbili zilikuwa zimevunjwa mchana kweupe, na watu walikuwa wakisema wezi walijua mpaka droo ya kufungua.

"Okello!" Sauti ya Wacera ilitoka dirishani ikashuka mpaka uani. "Funga gate! Asitoke mtu. Tuko na mwizi huku."

Juu ya paa, Nereah aliacha shuka mkononi akachungulia chini kumtafuta huyo mwizi. Aliwaona akina mama waliokuwa wakiteka maji mferejini wamesimama. Alimwona Angeline wa duka la pale langoni amejitokeza na mwiko wa chapati. Alimwona Okello, soja anayelinda gate, anakimbia kufunga gate. Halafu akaona kwamba wote wanatazama juu, kwake.

Alipoingia sebuleni, Wacera alikuwa ameshika ile simu kwa vidole viwili. Kagiri, keateka, msimamizi wa jengo, alikuwa amefika, mtu wa mwili mkubwa anayependa kusimama mlangoni.

"Huyu Osewe ni nani?" Wacera akauliza. Siku zote alimwita Mama Hope. Leo hakumwita chochote.

"Ni ndugu yangu."

"Unamtumia picha za nyumba yangu?"

"Osewe hajaona picha hata moja. Nilimtoa."

"Ulimtoa baada ya kuona, si ndiyo?" Kagiri akaingilia.

Nereah alieleza. Alieleza grupu, akaeleza kanzu ya Mwalimu Wekulo, akaeleza maji ya Jumanne, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyosikia mwenyewe jinsi maneno hayo yanavyosikika kama ya mtu anayetunga. Mwizi ni neno dogo, lakini kwa mwanamke anayeingia vyumba vya watu wakiwa hawapo, neno hilo likikushika umekwisha, huna pa kwenda kulifua.

Kagiri alilegeza sauti. "Sikia, mama. Hatutaki maneno mengi. Futa hizo picha zote, futa hizo grupu, uende. Usikanyage hapa tena. Hakuna kuitwa chifu, hakuna polisi. Tunakusaidia."

Lilikuwa jambo rahisi, dakika mbili za kidole. Nereah alilipima. Angefuta, atoke kwenye hilo gate kimya, na kila aliyekuwa uani angejua kwamba mwanamke asiye na hatia hatoki kimya. Jumatatu ingekuwa imekwenda. Na 46 habari ingefika kabla yake.

"Sifuti," akasema.

"Ati?"

"Sifuti hata moja. Mwiteni mzee. Mfungue zote mbele yake, mwanzo mpaka mwisho, picha na sauti, za nyumba zote. Mkipata mahali nimemwambia mtu aje aibe, mimi mwenyewe nitatembea mpaka kwa chifu. Kagiri hata asinishike mkono."

Akavuta kiti akaketi. Wacera hakutarajia hilo, na kusema kweli hata Nereah hakulitarajia.

Mzee Waithaka alishuka na ndara zake, hana haraka. Alipewa habari yote na Kagiri, na chumvi juu. Akamgeukia Nereah.

"Mama Hope, na mimi niko humo?"

"Uko, mzee. Kila nyumba iko."

"Basi tuanze na yangu."

Picha zake akazitazama moja moja, akisogeza simu mbali na macho. Kabati kabla, kabati baada. Viatu kabla, viatu baada. Hakuna alichoona isipokuwa kwamba ana viatu vingi kuliko alivyodhani. Lakini walipofika kwenye sauti, Kagiri akainua kidole.

"Hiki ni Kijaluo. Tutajuaje anasema nini? Anaweza kuwa anapanga kila kitu hapa hapa tukisikia."

Nereah alitaka kutafsiri, Kagiri akasema mshtakiwa hajitafsirii. Ikabidi Okello aitwe kutoka gate. Okello ni mtu wa Siaya, miaka hamsini na kitu, na hajawahi kupewa heshima ya namna hiyo katika jengo lile. Alivua kofia, akasafisha koo, akasimama katikati ya zulia.

Sauti ya kwanza ikachezwa. "Anasema, mashati ya mzee yakunjwe kola juu," Okello akatangaza. Ya pili. "Anasema, dirisha la jikoni lina shida ya komeo, ulifunge kwa uzi." Ya tatu ikawa ndefu kidogo. Okello akasikiliza, akamtazama mzee, akaitazama kofia yake.

"Sema," Kagiri akamwambia.

"Anasema... anasema ati mzee ana sukari na daktari amemkataza, lakini ameficha biskuti kwenye kabati la dawa, nyuma ya ile sanduku ya bandeji. Anasema, usiziguse, usizihesabu, na usimwambie mtu. Ni zake."

Wacera akageuka. "Baba?"

"Endelea na kazi, Okello," mzee akasema, akikuna shingo. "Hizo zilikuwa za wageni."

Hata Kagiri alikohoa kuficha cheko. Nereah alianza kupumua. Aliona kwamba mambo yanageuka, kwamba mtu yeyote mwenye masikio alikuwa anasikia kazi, si wizi. Kagiri akafungua grupu ya Wacera. Sauti ya kwanza: rinda la bluu lisianikwe juani. Ya pili: vikombe vya udongo visiingie kwenye droo ya sufuria. Ya tatu ikaanza, na neno la kwanza tu lilipotoka Nereah akakumbuka aliirekodi lini na ilihusu nini. Aliinuka kwenye kiti, akafunika simu yote kwa kiganja, akaizima.

"Hiyo hapana," akasema.

"Si mnaona?" Kagiri aliwageukia wote wawili. "Si niliwaambia? Kuna kitu anaficha."

"Ndiyo, kuna kitu. Lakini si changu."

Mzee Waithaka alikunja uso. Biskuti zilikuwa bado zinamwaibisha, na mzee mwenye aibu hukimbilia ukali. "Mama Hope. Nimekuwa mtu mzuri kwako leo. Cheza hiyo. Usipoicheza, Jumatatu haiko."

Nereah aliwaona akilini Hope na karo yake, Rosebella akiwa ukutani, vyumba kumi na viwili vyenye shuka nyeupe ambavyo tayari alikuwa amevipanga kichwani. Sekunde chache za sauti zingemsafisha kabisa, hata Kagiri angenyamaza. Alijua hilo vizuri. Ndilo lililomuuma.

"Basi haiko, mzee," akasema. "Lakini mbele ya watu haitasikika."

Okello aliinamisha kichwa. Yeye alikuwa amelisikia lile neno la kwanza na la pili, na ni mtu mzima. Lakini Wacera pia alizaliwa Kawangware, akacheza na watoto wa majirani Wajaluo mpaka usiku unaingia, na maneno machache yalimbakia: njoo, kula, na lile alilolisikia sasa hivi kabla ya kiganja kufunika. Nyathi. Mtoto. Katika grupu yenye jina lake, na nyumbani kwake hamna mtoto.

Alisimama. "Okello, rudi gate. Kagiri, na wewe toka."

"Lakini Wacera..."

"Toka. Baba, ngoja hapa." Akaichukua simu, akamshika Nereah kiwiko, si kwa nguvu, wakapanda ngazi mpaka kwenye paa.

Shuka moja ilikuwa imeanikwa, nyingine ilikuwa bado kwenye beseni. Wacera alimpa simu. "Cheza," akasema. Sauti ilipoisha akasema, "Sasa niambie kwa Kiswahili. Yote. Usipunguze."

Nereah hakuiangalia simu. Alitazama kamba.

"Nilisema, kwa Wacera, droo ya chini ya kabati kuna nguo za mtoto mchanga, ziko na bei zake bado. Usizifue. Usizipange vizuri zaidi ya zilivyo. Wiki zingine utazikuta zimesogezwa. Ni mama yao amezishika. Ziache vile ameziacha."

Wacera alilia. Hakuna namna nyingine ya kulisema, alilia akiwa amesimama, amefunika uso na kiganja, katika jengo ambalo kila mwanamke wa rika lake anaitwa Mama fulani na yeye anaitwa Wacera tu. Ni mara mbili alikuwa amepoteza ujauzito, na zote mbili mume wake pekee ndiye aliyejua. Baba yake bado alikuwa akimuuliza kila Krismasi wanangoja nini. Na hapa palikuwa na mtu aliyejua mwaka mzima, amejua kila Alhamisi, akafunga droo na kuendelea na viatu.

Nereah alimngoja. Hakumwambia anyamaze, wala hakumwambia Mungu atampa mwingine. Kwa muda huo alimhurumia kabisa, kutoka moyoni. Lakini huruma haikumwondolea hasira yake, na hasira ilikuwa ya haki.

"Kwa nini hukuniambia unapiga picha?" Wacera akauliza hatimaye.

"Hapo nimekosa. Ningekuuliza. Kuanzia leo, kama mwenye nyumba hayuko mlangoni akiona, sipigi. Na ukisema hapana, ni hapana, nitajua vile nitafanya. Hilo ni langu, nimelibeba."

"Nitaongea na baba. Jumatatu unaanza. Sitamwambia kwa nini, nitamwambia tu." Wacera alijifuta kwa pindo la blauzi. "Pole, Mama Hope."

"Nimesikia pole yako. Asante. Lakini haitoshi."

Wacera aliacha kujifuta.

"Hukuniita mwizi hapa juu," Nereah akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini na haikutetemeka. "Uliniita pale dirishani. Akina mama wa mferejini walisikia, Okello alisikia, Angeline wa duka akatoka na mwiko. Hao ndio wataongea. Kesho niko kwa mtu mwingine, na Jumatatu nitakuwa nawaambia wanawake wawili wanitii. Siwezi kushuka hizo ngazi nikiwa nimesafishwa kimya kimya. Mahali uliponichafua ndipo utanisafisha."

"Niende kuongea dirishani na hii sura?"

"Hapa hapa panatosha. Panasikika."

Wacera alitazama ukingo wa paa. Mtu wa maneno machache, na hayo machache sasa yalikuwa mazito. Akasogea mpaka ukingoni, akashika chuma kwa mikono yote miwili. Uani watu hawakuwa wametawanyika, nani angetawanyika siku kama hiyo. Mfereji ulikuwa unamwaga maji kwenye mtungi uliojaa na hakuna aliyekuwa anauangalia.

"Okello, fungua gate," akasema. "Hakuna mwizi. Nilikosea. Mama Hope hajaiba kitu, na hajatuma mtu. Ni mimi nilikosea."

Alirudi nyuma hatua moja, akidhani amemaliza. Nereah, aliyekuwa amechungulia chini mara moja, alikuwa tayari ameinamia beseni, anaikamua ile shuka ya pili, na hakuinua kichwa.

"Sema tena," akamwambia, "na kwa sauti. Angeline alikuwa ameingia ndani kugeuza chapati."